Phil Katz

Phil Katz (jina kamili: Phillip Walter Katz, Milwaukee, Wisconsin, 3 Novemba 1962 – Milwaukee, 14 Aprili 2000) alikuwa mwanaprogramu wa kompyuta na mfanyabiashara kutoka nchini Marekani. Anajulikana hasa kwa kubuni muundo wa faili uitwao ZIP, pamoja na programu mbili zilizoutumia katika mfumo wa uendeshaji wa MS-DOS: PKZIP iliyobana mafaili na PKUNZIP iliyoyafumua. Kabla ya hapo alitoa PKXARC, programu ndogo ya kufumua mafaili ya ARC, ambayo ilimletea sifa na baadaye kesi mahakamani.

Herufi PK katika majina hayo ni herufi za kwanza za jina lake. Herufi hizohizo mbili hukaa mwanzoni mwa kila faili la kawaida la ZIP. Kwa kuwa muundo huo umekuwa msingi wa aina nyingine nyingi za mafaili, zikiwemo nyaraka za Microsoft Word za tangu mwaka 2007 na programu za simu za Android, jina la Katz limo ndani ya vifaa vya watu wengi ambao hawajawahi kulisikia.

Maisha ya awali

Katz alizaliwa na kukulia Milwaukee, mji wa viwanda ulioko kando ya Ziwa Michigan. Alisoma shule ya sekondari ya Nicolet huko Glendale, kitongoji cha Milwaukee, akahitimu mwaka 1980. Waliomfahamu walimkumbuka kama kijana mkimya, hodari wa hisabati, ambaye hakuwa na marafiki wengi.

Baba yake ndiye aliyekuwa mwenzake katika mambo ya programu. Jioni walikaa pamoja wakiandika programu za vikokotoo. Vikokotoo vya wakati ule vilikuwa na kumbukumbu ndogo sana, iliyotosha hatua mia chache tu, kwa hiyo mwandishi alilazimika kupunguza kila hatua isiyo ya lazima. Tabia hiyo ya kubana matumizi ya nafasi na muda ilionekana baadaye katika kazi zake zote. Baba yake alifariki wakati Phil akiwa bado mwanafunzi wa chuo.

Alisomea sayansi ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha Wisconsin kilichopo Milwaukee, akahitimu mwaka 1984. Kisha aliajiriwa na kampuni ya Allen-Bradley ya mjini huko, akiandika programu za vifaa vinavyoongoza mitambo ya viwandani. Mwaka 1986 alihamia kampuni ndogo ya programu iliyoitwa Graysoft. Wakati huohuo alikuwa akifanya kazi yake binafsi usiku nyumbani kwa mama yake.

Hali ya kompyuta za nyumbani

Ili kuelewa kwa nini programu ya kufumua mafaili ilimpa mtu umaarufu, ni lazima kukumbuka jinsi kompyuta za nyumbani zilivyokuwa katika miaka ya 1980. Kompyuta ya IBM PC ilitoka Agosti 1981, ikitumia mfumo wa uendeshaji wa Microsoft ambao baadaye ulijulikana kwa wengi kama MS-DOS. Mtumiaji aliandika amri kwa herufi kwenye kioo cheusi. Disketi ya kawaida ilibeba kilobaiti 360 tu, na wengi hawakuwa na diski kuu ndani ya kompyuta.

Intaneti haikuwa imewafikia watu wa kawaida. Wapenzi wa kompyuta walibadilishana programu na ujumbe kupitia mbao za matangazo za kompyuta. Kila ubao ulikuwa kompyuta ya mtu mmoja, mara nyingi nyumbani kwake, iliyounganishwa na simu kwa kifaa kiitwacho modemu. Mtu alipiga simu, akasoma matangazo, akachukua mafaili aliyoyataka, akakata ili mwingine apate nafasi. Modemu ya biti 2,400 kwa sekunde ilipitisha takriban baiti 240 kwa sekunde, kwa hiyo yaliyomo kwenye disketi moja iliyojaa yalichukua kama dakika 26 kupita. Ikiwa mpigaji alikuwa mji mwingine, dakika hizo zote zililipiwa kwa bei ya simu ya mbali. Faili lililobanwa hadi nusu ya ukubwa wake lilipunguza gharama hiyo kwa nusu.

Kubana maana yake ni kuandika upya yaliyomo kwenye faili kwa njia fupi zaidi bila kupoteza chochote; kufumua ni kuyarudisha yalivyokuwa mwanzoni, herufi kwa herufi. Watumiaji wa CP/M, mfumo wa uendeshaji uliotangulia MS-DOS, walikuwa tayari na programu za aina hiyo, lakini walitumia programu moja kukusanya mafaili pamoja na nyingine kuyabana. Mwaka 1985 Thom Henderson wa kampuni ya System Enhancement Associates (SEA) ya New Jersey alitoa ARC, programu iliyofanya kazi zote mbili kwa pamoja. Ndani ya muda mfupi ARC ilikuwa kawaida ya karibu kila ubao wa matangazo uliotumia MS-DOS.

PKXARC na PKARC

SEA ilisambaza pia msimbo wa chanzo wa ARC, yaani maandishi ya programu yenyewe katika lugha ya C, ili wengine waweze kuihamishia kwenye kompyuta za aina nyingine. Hata hivyo hakimiliki ilibaki mikononi mwa SEA.

Katz aliona kwamba ARC ilikuwa ya polepole. Alianza na upande wa kufumua, kwa sababu wafumuaji ni wengi kuliko wabanaji: faili hubanwa mara moja na mtu mmoja, kisha hufumuliwa na kila anayelichukua. Programu yake PKXARC ilifumua mafaili ya ARC kwa kasi iliyowashangaza watumiaji. Siri yake ilikuwa kuandika sehemu zenye kazi nzito katika lugha ya asembli, ambayo huiamuru prosesa moja kwa moja, badala ya kutegemea C peke yake. Baadaye aliongeza programu ya kubana, na zote mbili zikajulikana kwa jina la PKARC.

Mwaka 1986 alianzisha kampuni ya PKWARE nyumbani kwa mama yake, naye mama akamsaidia kuendesha shughuli za biashara. Programu zilisambazwa kwa mtindo ulioenea wakati huo: mtu aliruhusiwa kuzinakili na kuzijaribu bure, na akiona zinamfaa alitakiwa kutuma malipo kwa posta. Hakukuwa na njia ya kumlazimisha, lakini waliolipa walitosha, na hasa makampuni yaliyohitaji leseni halali. Baadaye kidogo Katz aliacha ajira ili aishughulikie PKWARE pekee. Ofisi zilihamia Brown Deer, kitongoji kingine cha Milwaukee.

Kesi ya SEA dhidi ya PKWARE

Mwaka 1988 SEA ilimshtaki Katz na kampuni yake katika mahakama ya shirikisho huko Wisconsin kwa kuvunja hakimiliki na kutumia vibaya alama ya biashara. Ilidai kwamba PKARC haikuandikwa upya bali sehemu zake zilitokana na msimbo wa ARC, na kwamba jina lenyewe lilifanana mno na ARC. Mtaalamu huru aliyelinganisha programu hizo mbili aliona sehemu zilizofanana kupita kiasi, yakiwemo maelezo ya mwandishi ndani ya msimbo na hata makosa ya tahajia yaliyorudiwa vilevile.

Tarehe 2 Agosti 1988 pande mbili zilitangaza kwamba zimepatana. Katz alikubali kulipa jumla ya dola 62,500 za Marekani, zikiwa mirabaha ya programu alizokwisha kuuza pamoja na gharama za kesi. Aliruhusiwa kuendelea kutoa programu zinazotumia muundo wa ARC kwa muda tu, hadi mwisho wa Januari 1989. Katika kipindi hicho PKARC ilibadilishwa jina ikawa PKPAK.

Kisheria SEA ilishinda, lakini kwenye mbao za matangazo hali ilikuwa kinyume. Watumiaji wengi waliichukulia kesi hiyo kama kampuni kubwa inayomwonea kijana mmoja aliyetengeneza kitu bora zaidi. Picha hiyo haikuwa sahihi, kwa kuwa SEA nayo ilikuwa kampuni ndogo ya kifamilia, na Henderson alikuwa mtu aliyewapa wengine msimbo wake wausome. Wasimamizi wengi wa mbao walianza kukataa ARC. Swali la nani alidhulumiwa katika kesi hiyo lina majibu mawili: kwa upande wa msimbo, ushahidi ulikuwa dhidi ya Katz; kwa upande wa ubora na kasi, watumiaji walichagua programu yake kabla na baada ya mahakama.

Kuanzishwa kwa ZIP

Kwa kuwa muda wa kutumia ARC ulikuwa unakwisha, Katz alihitaji muundo wake mwenyewe. Mwanzoni mwa 1989 alitoa PKZIP pamoja na PKUNZIP. Jina ZIP ni neno la Kiingereza linalodokeza mwendo wa kasi. Lilipendekezwa na Robert Mahoney, msimamizi wa ubao wa matangazo aliyekuwa rafiki yake. Gary Conway wa kampuni ya Infinity Design Concepts alishiriki katika kazi ya kuanzisha muundo huo.

Uamuzi uliokuwa na matokeo makubwa kuliko yote haukuhusu programu bali maelezo yake. Februari 1989 Katz na Conway walitangaza kwamba muundo wa ZIP ni mali ya umma. Pamoja na PKZIP lilisambazwa faili la maandishi lililoeleza mpangilio wa kila baiti, ili mwanaprogramu yeyote aweze kuandika programu yake ya kusoma na kuandika ZIP bila kulipa wala kuomba ruhusa. Programu ya PKZIP yenyewe ilibaki ya kulipiwa, lakini muundo ulikuwa huru. Mtu aliyekuwa ametoka kulipa kwa kutumia muundo wa mwingine alihakikisha kwamba hakuna atakayelipa kwa kutumia wa kwake.

Wasimamizi wa mbao walibadilisha makusanyo yao yote kutoka ARC kwenda ZIP, na ndani ya miaka michache ARC ilikuwa karibu imetoweka. Kundi la wanaprogramu wa kujitolea lililoitwa Info-ZIP liliandika programu huru za ZIP kwa mifumo mingine mingi ya uendeshaji, ikiwemo Unix. Hilo liliwezekana kwa sababu ya maelezo yale ya wazi.

Jinsi inavyofanya kazi

Faili la ZIP ni kama gunia lenye mafaili kadhaa ndani yake. Kila faili hubanwa peke yake na kutanguliwa na maelezo mafupi ya jina, ukubwa na tarehe, yanayoanza kwa herufi PK. Mwishoni mwa gunia kuna orodha ya vyote vilivyomo. Kwa hiyo programu ya kufumua inaweza kusoma orodha hiyo na kwenda moja kwa moja kwenye faili linalotakiwa bila kufumua mengine. Kila faili hubeba pia namba ya ukaguzi iitwayo CRC-32. Baada ya kufumua, PKUNZIP ilikokotoa namba hiyo upya. Zikitofautiana, mtumiaji alijua kwamba faili limeharibika njiani, jambo la kawaida enzi za modemu na disketi.

Matoleo ya kwanza yalitumia mbinu kadhaa za kubana. Mbinu iliyodumu ni Deflate, ambayo Katz aliibuni na kuieneza kupitia PKZIP 2.04g ya Februari 1993. Inaunganisha mawazo mawili yaliyokuwepo kabla yake.

Wazo la kwanza lilitolewa mwaka 1977 na Abraham Lempel na Jacob Ziv wa Israeli. Maneno yanayojirudia hayaandikwi tena, bali huwekwa alama inayosema rudi nyuma kiasi fulani na unakili herufi kadhaa. Methali ya Kiswahili isemayo kwamba haba na haba hujaza kibaba ni mfano mzuri. Mfumuaji akishaandika "haba na ", neno "haba" la pili pamoja na nafasi inayolifuata linaweza kuelezwa kwa amri moja: rudi nyuma hatua 8, nakili herufi 5. Deflate huruhusu kurudi nyuma hadi kilobaiti 32 na kunakili hadi herufi 258 kwa amri moja. Maandishi ya Kiswahili, yenye viambishi vinavyojirudia kama wana- na -lio-, huipa mbinu hii kazi nyingi.

Wazo la pili ni la David Huffman wa Marekani, lililochapishwa mwaka 1952. Kwa kawaida kila herufi huchukua biti 8 ndani ya kompyuta. Huffman alionyesha jinsi ya kuzipa herufi zinazotumika sana alama fupi, na zinazotumika mara chache alama ndefu. Katika methali iliyotajwa juu, herufi 9 kati ya 22 ni a. Ikipewa alama ya biti 1 au 2 badala ya 8, akiba inaonekana mara moja.

Kubana kunahitaji kazi nyingi, kwani programu lazima itafute marudio yaliyo marefu zaidi. Katz alibuni njia ya haraka ya kufanya utafutaji huo na akapewa hataza ya Marekani namba 5,051,745 mnamo Septemba 1991. Kufumua ni rahisi zaidi, kwa kuwa mfumuaji hatafuti kitu bali hufuata amri tu. Ndiyo maana hata kompyuta dhaifu ya miaka ile iliweza kufumua kwa haraka.

Hapa pia uwazi ulisaidia. Maelezo ya Deflate yalitosha kwa wengine kuitekeleza kwa njia isiyogusa hataza hiyo. Kinyume chake, mbinu ya LZW iliyotumiwa na ARC na na picha za GIF ilikuwa chini ya hataza ya kampuni ya Unisys, iliyoanza kudai malipo katikati ya miaka ya 1990. Waliotafuta mbadala walichagua Deflate.

Afrika Mashariki

Programu za kubana na kufumua zilikuwa na umuhimu wa pekee pale ambapo simu ilikuwa ghali na mbovu. Tanzania ilichelewa kupata kompyuta, kwa kuwa mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wake bila kibali maalumu, na masharti hayo yalilegezwa hatua kwa hatua baadaye.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kabla intaneti haijafika, vyuo vikuu vya Dar es Salaam, Nairobi, Makerere, Zambia na Zimbabwe viliunganishwa na mradi wa ESANET uliofadhiliwa na shirika la IDRC la Kanada. Mradi huo ulitumia teknolojia ya Fidonet, mtandao uliozaliwa kutokana na mbao za matangazo za Marekani. Vilevile HealthNet, mtandao wa shirika la SatelLife uliowapelekea madaktari habari za tiba katika nchi kadhaa za Afrika zikiwemo Tanzania, Kenya na Uganda, ulijengwa juu ya Fidonet, na kwa baadhi ya safari ulitumia satelaiti ndogo iliyopita angani kwa dakika chache tu kila mara.

Katika Fidonet barua hazikutumwa moja moja. Zilikusanywa, zikafungwa kuwa furushi moja lililobanwa, kisha kompyuta moja ikaipigia nyingine simu, kwa kawaida usiku, na kulipeleka. Kompyuta ya upande wa pili ililifumua furushi na kugawa barua. Muundo wa kwanza wa mafurushi hayo ulikuwa ARC, na baadaye ZIP ikaingia. Kwa hiyo mabishano kati ya SEA na PKWARE, yaliyoonekana kuwa ugomvi wa Wamarekani wachache, yalihusu zana ambayo barua pepe za kwanza za eneo hili zilitegemea.

Ujio wa Windows

Katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1990 PKWARE ilikuwa na faida kubwa. Umaarufu wa PKZIP ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mwaka 1995 ulisambazwa uongo wa toleo la 3.00, ambalo kwa kweli lilikuwa programu ya kuharibu yaliyomo kwenye diski. PKWARE ililazimika kuwaonya watumiaji.

Hata hivyo, Katz alibaki mtu wa MS-DOS. Alipendelea amri zilizoandikwa na programu ndogo zenye kasi, na hakuvutiwa na Windows yenye madirisha na kipanya. Tangu mwaka 1991 Nico Mak alikuwa ametoa WinZip, iliyowawezesha watumiaji wa Windows kufungua mafaili ya ZIP kwa kubofya. PKWARE ilichelewa kutoa toleo lake la Windows, na watumiaji wengi wapya waliifahamu ZIP kupitia WinZip. Uhuru wa muundo ulimnufaisha mshindani pia. Mwaka 2001, baada ya kifo cha Katz, Microsoft iliweka uwezo wa kufungua ZIP ndani ya Windows XP yenyewe.

Maisha binafsi na kifo

Katz hakupenda kuongoza watu wala kuonekana hadharani. Kadiri kampuni ilivyokua alizidi kukaa mbali na ofisi, akiwaachia wengine shughuli za kila siku. Katikati ya miaka ya 1990 mama yake, aliyekuwa nguzo ya uendeshaji tangu mwanzo, aliondoka katika kampuni baada ya kutoelewana na mwanawe.

Kwa miaka mingi aliteswa na ulevi. Alikamatwa mara kadhaa kwa makosa ya kuendesha gari akiwa amelewa au bila leseni halali. Mwaka 1997 majirani wa nyumba yake huko Mequon walilalamika, na maofisa walipoingia waliikuta imejaa takataka. Miaka yake ya mwisho aliishi kwa kuhamahama katika hoteli za kawaida, ingawa alikuwa na fedha za kutosha kuishi popote.

Tarehe 14 Aprili 2000 alikutwa amefariki katika chumba cha hoteli mjini Milwaukee, akiwa na umri wa miaka 37. Uchunguzi ulionyesha kwamba alifariki kutokana na kuvuja damu kwenye kongosho kulikosababishwa na unywaji wa pombe wa muda mrefu. Habari ya kifo chake iliwashtua wengi waliotumia programu zake kila siku bila kujua lolote juu ya maisha yake. Mwaka 2001 PKWARE ilinunuliwa na wamiliki wapya, na baadaye ilijielekeza zaidi kwenye usalama wa data.

Urithi

Mbinu ya Deflate imeenea kuliko hata ZIP yenyewe. Jean-loup Gailly na Mark Adler waliitumia katika programu ya gzip ya mwaka 1992 na katika maktaba ya zlib ya mwaka 1995, ambazo zote ni huru. Mei 1996 Peter Deutsch aliichapisha kama waraka rasmi wa intaneti uitwao RFC 1951. Pia ilichaguliwa kuwa mbinu ya kubana picha za PNG, zilizobuniwa ili kukwepa hataza iliyogusa GIF. Kurasa nyingi za tovuti hadi leo husafiri zikiwa zimebanwa kwa njia hiyo, na kivinjari huzifumua kabla msomaji hajaziona.

Muundo wa ZIP nao umekuwa chombo cha kubebea mafaili mengine. Mafaili ya JAR ya lugha ya Java, nyaraka za OpenDocument, vitabu vya EPUB, nyaraka za docx, xlsx na pptx za Microsoft, na programu za apk za Android yote ni mafaili ya ZIP yenye majina tofauti. Mwalimu wa Arusha akiandika mtihani kwa Word na kumtumia mwenzake wa Monduli, anatuma faili la ZIP. Hilo linaweza kuthibitishwa kwa kulinakili faili la docx na kubadilisha mwisho wa jina la nakala kuwa zip: litafunguka na kuonyesha mafaili yaliyomo. Likifunguliwa kwa programu ya maandishi matupu, mengi yataonekana kama alama zisizosomeka, lakini herufi mbili za kwanza zitasomeka wazi: PK.

Katz hakuvumbua ubanaji wa data, na programu yake ya kwanza ilijengwa kwa sehemu juu ya kazi ya mtu mwingine, kama kesi ya 1988 ilivyoonyesha. Mchango wake ulikuwa kuunganisha mawazo ya waliomtangulia kwa ustadi na kasi ambayo wenzake hawakuwa nayo, kisha kuuacha muundo uliotokana nayo mikononi mwa kila mtu. Kampuni zilizokuja baadaye ziliujenga juu yake bila kumlipa kitu, na hivyo ndivyo alivyoruhusu mwenyewe.